Magamba meupe katika birika: Siri ya maji magumu ya Mombasa

MPANGAJI anayehamia Mombasa kutoka Nairobi huitambua tofauti siku ya kwanza anapofua nguo. Kipande cha sabuni ambacho huko alikotoka kilitoa povu kwa kusuguliwa mara mbili tu, hapa huisha mkononi na kuacha utando wa kijivu ukielea karaini. Baada ya wiki chache, birika la umeme hufanya magamba meupe chini, na matundu ya shawa huanza kuziba moja baada ya jingine.

Wengi huyaita maji hayo ‘maji ya chumvi’. Jina hilo lina ukweli nusu tu. Ugumu wa maji na chumvi ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya huwafanya watu waogope kisichodhuru na kupuuza kinachodhuru.

Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wa pwani ulio karibu nacho vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, yaani masalio ya viumbe wa baharini wa zama za kale. Ndio mwamba uliotumiwa kujengea Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na ndio uliovutia kiwanda cha saruji huko Bamburi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini hunyonya gesi ya kaboni dayoksaidi hewani na udongoni, yakapata uchachu hafifu. Uchachu huo huumumunya mwamba kidogo kidogo, hata maji yanapofika kisimani huwa yamebeba madini ya kalsiamu na magnesiamu. Nairobi, kwa upande wake, hupata sehemu kubwa ya maji yake katika mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yanayojazwa na mito ya milima ya Aberdare, maji ambayo hayajakaa sana ndani ya miamba ya namna hiyo.

Lakini mbona maji ya mfereji nayo huwa magumu, ilhali maji ya umma ya Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima katika Taita Taveta, Baricho katika Kilifi, na Marere na Tiwi katika Kwale? Jibu ni kwamba maji hayo hayatoshi, nayo hutolewa kwa zamu. Ili kuziba pengo, wenye majumba huchimba visima na kuelekeza maji yake katika tangi lile lile la juu ya paa. Hivyo mfereji mmoja unaweza kutoa maji ya Mzima leo na maji ya kisima cha uani kesho, na mpangaji asiambiwe lolote.

Wataalamu huupima ugumu kwa miligramu katika lita moja. Yasiyofikisha miligramu 60 huitwa maji laini; yanayopita 180 huwa magumu sana. Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaweka kiwango cha ugumu kwa sababu za kiafya, kwani kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili huyahitaji. Hofu ya mawe ya figo, ambayo husikika kila baraza, haina ushahidi thabiti. Katika joto la pwani, kutokunywa maji ya kutosha ndiko kunakofaa kuogopwa zaidi.

Hasara iliyo wazi ni ya mfukoni. Kalsiamu huungana na sabuni kabla sabuni haijagusa uchafu, na ndiyo maana kipande hakidumu. Sabuni ya unga haiathiriki sana kama kipande, na magadi yakitiwa katika maji ya kufulia hulainisha maji hayo. Jikoni, kalsiamu hukaza maganda ya nafaka za jamii ya kunde, na mbaazi za asubuhi hukaa motoni mpaka makaa yanaisha. Hapa pia wapishi hutia magadi, ingawa yakizidi huharibu ladha na vitamini. Maji ya mvua ya masika, yakikingwa katika chombo safi, hufanya kazi hiyo bila gharama. Nacho chuma cha kupashia maji kikifunikwa na magamba hushindwa kupitisha joto, kikaungua.

Magamba yenyewe ni kalsiamu kaboneti, kitu kile kile kilichojenga tumbawe. Maji yanapochemka, gesi ile hutoroka na madini yaliyokuwa yameyeyuka hurudi kuwa jiwe. Maana yake ni kwamba maji yaliyobaki birikani yamepungua ugumu. Maji ya ndimu au siki yakichemshwa humo na kuachwa kwa muda huyang’oa.

Anayeacha kuchemsha maji ya kunywa kwa kuogopa magamba hayo hujitia hatarini. Mwamba wa matumbawe una nyufa na mapango, na maji machafu ya vyoo vya shimo huweza kupita humo hadi kisimani bila kuchujwa vya kutosha. Maji meupe kama kioo yanaweza kubeba kipindupindu au homa ya matumbo. Ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini.

Hata hivyo, kuchemsha hakuondoi chumvi wala nitrati, ambayo huwadhuru hasa watoto wachanga. Maji yakipungua, vitu hivyo huzidi kukolea. Chumvi huja kwa njia nyingine. Chini ya ardhi karibu na bahari, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na kisima kikivutwa kupita kiasi, yale ya chini hupanda. Mgonjwa wa shinikizo la damu ana sababu ya kuyaepuka. Mitambo ya kulainisha maji kwa kubadilisha kalsiamu na sodiamu haimsaidii, maana huongeza sodiamu hiyo hiyo.

Anayelipia maji ya kisima yapimwe katika maabara na atake kwanza vipimo vya viini, nitrati na chumvi. Kipimo cha ugumu anacho tayari: kipande cha sabuni na karai.