Pikipiki ya kupozwa kwa hewa

Pikipiki ya kupozwa kwa hewa ni pikipiki ambayo injini yake haina rejeta wala maji. Joto la silinda huondolewa na upepo unaopita kati ya mapezi yake. Mfano maarufu ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970. Boda boda nyingi kutoka China zimeiga injini yake.

Upepo huo hutegemea mwendo. Kutoka Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa (takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari), hadi Mbinga katika milima ya Wamatengo, barabara hupanda sana. Pikipiki kuukuu yenye mzigo hupanda polepole kwa gia ndogo: kazi ni kubwa, upepo kidogo. Hapo oili nayo hupoza, hivyo ikipungua pistoni huweza kukwama, yaani injini hunoki. Tope lililokauka kwenye mapezi huzuia joto kutoka. Husuguliwa kwa brashi injini ikiwa imepoa.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ingawa huonekana nafuu, hulipuka vibaya ndani ya silinda, hugonga na kuongeza joto. Mlio huo ukisikika mlimani, afadhali kusimama hadi injini ipoe.