Je, Wajua? Amri Inayohamisha Mzizi wa Seva

Kampuni inayokodisha nafasi za tovuti huweza kuwaweka mamia ya wateja kwenye seva moja. Asha akipewa folda /home/asha na nenosiri la kupakia faili, nini kitamzuia kupanda hadi /home akachungulie kwa jirani? Ruhusa za faili zitamfungia mengi, lakini hazimkatazi kuzurura. Faili /etc/passwd, yenye majina ya watumiaji wote, husomwa na yeyote aliyemo ndani ya Unix.

Dawa ni chroot, iliyoingia katika Unix toleo la 7 mwaka 1979. Watu huiita jela, jina kubwa kuliko kazi yake. Haijengi ukuta wowote. Inachobadilisha ni mahali ambapo alama "/" inaanzia kwa programu husika, basi. Asha akiomba /etc/passwd, mfumo unaitafuta ndani ya /home/asha na kuikosa. Akiandika ".." ili apande, anajikuta pale pale, maana juu ya mzizi hakuna kitu.

Kwenye vsftpd, seva ya FTP, mstari chroot_local_user=YES unatosha. OpenSSH, inayohudumia SFTP, ilipata mpangilio wa ChrootDirectory mwaka 2008, na hapo ndipo wasimamizi wengi hukwama: folda ya mzizi, pamoja na zote zilizo juu yake, lazima zimilikiwe na root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, na asiwepo mwingine wa kuziandika. Vsftpd nayo, tangu toleo la 2.3.5, ikikuta mzizi huo unaandikika humtoa mtumiaji kwa ujumbe unaoanza na "500 OOPS".

Mwenye nyumba anyimwe ruhusa kwake mwenyewe? Ndiyo, na kwa sababu nzito. Programu iliyokwisha kufungiwa bado huweza kutafuta maktaba zake kwenye /lib na mipangilio kwenye /etc, na njia hizo sasa zinaangukia kwa Asha. Akiweza kuunda folda ya lib na kutia humo msimbo wake, seva yenye mamlaka makubwa inaweza kuupakia na kuuendesha. Ndiyo maana hutengewa folda ya ndani, na huko ndiko anakoandika. Wanaochoka na OOPS huwasha allow_writeable_chroot=YES; mimi naona folda moja ya ziada si gharama.

Tena chroot haimwezi mwenye mamlaka ya root. Yeye hujifungia upya kwenye folda ya ndani huku nafasi yake ya kazi ikibaki nje ya mzizi mpya, kisha hupanda ".." mfululizo hadi mzizi halisi. Kwa hiyo programu iliyoandikwa vizuri huvua mamlaka hayo mara tu ikishaingia. FreeBSD 4.0, mfumo wa jamii ya Unix, mwaka 2000 ilileta jail, inayobana hata michakato na mtandao.

Njiani, hata hivyo, chroot haina msaada: FTP ya kawaida hupitisha nenosiri la Asha likiwa wazi, ilhali SFTP hulisimba.