Ganda Linalojua Kunywea

Msomaji wetu wa kisiwani Goziba, mfanyabiashara wa dagaa, ametuandikia kuhusu mpwa wake aliyeko Kanada. Kijana huyo ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki ndogo, na kila akipiga simu hujisifu kwamba hanunui risasi mpya. Huokota maganda, huenda kuyajaza upya nyumbani, na gharama hushuka. Msomaji anataka kujua kama ni kweli, au kama anaandaliwa kuombwa mkopo.

Jibu linategemea ganda. Sitapoteza wino kueleza baruti inavyowaka: fataki hugongwa, baruti hushika moto, gesi hutanuka, kichwa cha risasi huondoka. Fataki, baruti na kichwa vikishatumika havirudi. Kinachorudi mkononi ni ganda peke yake, na kwa kawaida ndilo lenye bei kubwa kuliko hivyo vingine vitatu. Kwa hiyo swali la fedha ni swali la metali: kwa nini ganda lirudi zima?

Hebu fikirini linalolikuta. Katika bunduki ya kipimo cha .223, kanieneo ndani ya chemba huruhusiwa kufika zaidi ya mara 3,700 ya kanieneo ya hewa tunayovuta, na hufika huko katika muda usiotimia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ganda lina kazi mbili zinazogombana. Kwanza livimbe lizibe chemba kabisa, ili gesi isimrudie mpigaji usoni. Halafu, papo hapo, lisinyae ili litoke.

Mchukulieni konda mnene wa Hiace ya Bukoba na Kemondo, amesimama mlangoni. Abiria wa ndani wakisukumana kutaka kushuka kabla ya kituo, yeye huvuta pumzi, kifua kikajaa, mlango ukazibika. Hata mtoto hapenyi. Gari likisimama, hutoa pumzi, akanywea, akashuka bila kukwaruza rangi. Lau angekuwa mgumu kama nguzo, asingejaza mlango, na abiria wangepenya ubavuni. Lau angekuwa laini kama donge la unga, angejaza mlango vizuri sana, kisha akabaki amenata hapo mpaka waje mafundi. Kazi ya konda inamtaka mtu anayejua kuvimba na kunywea. Na mlango nao hautulii: abiria wakisukuma, bati lake hutanuka kidogo, wakiacha likarudi. Konda asiponywea kuliko mlango unavyorudi, amebanwa.

Hapo ndipo shaba inapoishinda metali nyingine. Maganda mazuri hutengenezwa kwa aloi yenye shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Kwa mkazo ule ule, aloi hii hunyumbuka karibu mara mbili ya chuma cha pua. Kwa hiyo moto ukizima, chemba ya chuma hurudi kidogo, ganda la shaba hurudi zaidi, na kati yao hubaki upenyo mwembamba kuliko unywele. Ganda hutoka kwa kuvutwa tu. Vitabu vyetu vya fizikia vina neno unyumbufu, lakini hilo linachukua kuvutika na kurudi kwa pamoja; mimi nataka neno la safari ya kurudi pekee. Napendekeza mnyweo. Anayeona linafanana mno na kileo alete lake.

Konda wetu, hata hivyo, hanywei mpaka alipoanzia. Kila safari humwacha mpana kidogo. Ndiyo maana mpwa hulipitisha ganda kwenye kalibu inayolibana lirudie kipimo. Kuvimba na kubanwa huko, kukirudiwa, huifanya shaba iwe ngumu, na ugumu huleta ufa, hasa shingoni. Wajuzi hupasha shingo moto kwa uangalifu. Chembe za metali hujipanga upya, ulaini hurudi, na ganda huongezewa maisha. Kitako hakiguswi, kwa sababu kikilainika bunduki inaweza kumpasukia mwenyewe.

Sasa shika hapa. Risasi ya .22 ya kawaida, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1887, ina kichwa chenye kipenyo karibu sawa na cha .223. Lakini fataki yake, tofauti na ya .223, haikai katikati ya kitako. Imepakwa ndani ya ukingo uliokunjwa kuzunguka kitako. Ili ilipuke, pini huuponda ukingo huo. Ganda linatoka na kovu lisilonyooka na ukingo usiopakika tena nyumbani kwa urahisi. Huko hakuna cha kuokoa, na risasi zenyewe ni za bei nafuu kuliko zote.

Nchi hii imewahi kuyaona kwa macho haya ya kujaza risasi upya, katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Tarehe 14 Aprili 1915, miezi miwili kabla Waingereza hawajaishambulia Bukoba kutoka ziwani, meli ya Kijerumani Rubens ilipigwa na kuzama kwenye maji mafupi ya ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Risasi ilizokuwa imebeba ziliopolewa zikiwa zimelowa chumvi. Huko Moshi askari wa jeshi la Wajerumani walishinda kwa miezi wakizifumua, wakisafisha baruti na kubadili baadhi ya fataki. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, ameandika kwamba risasi zisizoharibika ziliwekewa bunduki za rashasha. Zilizojazwa upya na kukataa kulipuka kama 20 katika kila 100 zilihesabiwa zinafaa vitani, na zilizo mbovu zaidi zikaachwa kwa mazoezi. Nani angevumilia hasara hiyo? Mtu ambaye duka lake limefungwa na manowari za adui.

Tufanye hesabu ya mpwa, kwa mfano tu. Tuseme vifaa vimemgharimu shilingi 1,500,000 na kila risasi inamwokolea shilingi 1,000. Mtaji unarudi akishafyatua 1,500. Mwanachama wa klabu huzimaliza, tena kwa kuwa ni nafuu hupiga nyingi zaidi, na mwisho wa mwaka matumizi yake yako palepale. Anayemiliki bunduki ya kulinda mali, akafyatua chache sana, hafiki. Na hapa Tanzania asijaribu: sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka kibali kwa anayetengeneza risasi.

Basi mpwa akipiga simu, muulize fataki ya risasi zake iko wapi. Akisema katikati, anasema kweli. Akisema ukingoni, usimkopeshe.