Gari la Mkononi kwa Pesa Kidogo: Soma Historia Kabla ya Kulipa

Mtu aliyedunduliza shilingi milioni 12 akaingia sokoni Dar es Salaam kutafuta gari, dalali atamuuliza mambo matatu: anataka gari gani, ana shilingi ngapi, na anataka namba gani. Ni maswali halali, lakini hakuna hata moja linalogusa kitakachoamua kama gari hilo litakuwa linawaka kila asubuhi mwaka mmoja baadaye. Kitakachoamua ni namna lilivyotunzwa kabla hajalinunua, na kiasi cha pesa kitakachobaki mfukoni baada ya kulinunua. Mwenye nyingi akikosea, atatafuta injini nyingine na safari iendelee. Mwenye kidogo akikosea, gari linawekwa juu ya mawe, na akiba ya miaka kadhaa inakaa hapo nayo. Kwa hiyo mnunuzi wa bajeti ndogo anahitaji umakini kuliko mnunuzi wa gari jipya, na habari njema ni kwamba umakini huo unafundishika.

Namba mpya, gari la zamani

Tanzania magari hutajwa kwa herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye kibao cha namba. Husikika "hii ni namba D", "ile namba E", na bei hupanda kufuata herufi. Herufi hiyo inaeleza jambo moja tu: gari lilisajiliwa nchini lini. Haisemi lilitengenezwa mwaka gani. Toyota IST ya mwaka 2004 inaweza kuingia bandarini ikiwa na zaidi ya miaka 15, ikapewa namba mpya na kuuzwa kwa bei ya juu kuliko pacha wake aliyeingia mapema.

Namba mpya ina faida yake. Gari lililoingia karibuni limepigwa kidogo na barabara zetu, na limepita kwenye mikono michache ya mafundi wa kubahatisha. Lakini faida hiyo ipimwe. Namba D ya mtu mmoja aliyebadilisha oili kwa wakati na kutunza risiti ni salama kuliko namba E iliyofanyishwa kazi ya kukodisha usiku na mchana.

Mwaka halisi hupatikana kwenye kadi ya gari na kwenye hati ya usafirishaji iliyotoka nayo Japani. Hati hiyo huonyesha mwezi na mwaka gari liliposajiliwa huko kwa mara ya kwanza. Kenya ndiyo huitegemea tarehe hiyo kuzuia magari yaliyozidi miaka 8. Tanzania haizuii, ila gari lililozidi umri huo hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Ndiyo maana magari huweza kuingia Tanzania yakiwa na umri mkubwa kuliko Kenya, na ndiyo maana mnunuzi wa Tanzania ana kazi kubwa zaidi ya kukagua.

Kwa nini Japani huyaachia

Wengi hujiuliza kwa nini Mjapani auze gari zima. Jibu liko kwenye sheria zao. Gari dogo jipya hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi huja na gharama, kodi na bima. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka huongezeka. Mwenye gari akipiga hesabu anaona heri aliuze, nalo linaishia mnadani, ambako wanunuzi wa nje hulichukua. Kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani wa kulia unatufaa bila kubadilisha kitu.

Mnadani kila gari hupewa karatasi ya ukaguzi. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri lenye kasoro ndogo, na 3.5 lina mikwaruzo na mabonyeo yanayoonekana. Herufi R au RA ina maana gari liligongwa hadi fremu yake ikatengenezwa. Karatasi hiyo hurekodi pia kilomita, na hati ya usafirishaji nayo huonyesha zilizosomwa kwenye ukaguzi wa Japani. Ukiambiwa gari limetembea kilomita 70,000, omba hati hizo mbili na ulinganishe. Kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua, lakini mpira wa pedali ya breki uliolika, usukani uliong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilichobonyea haviwezi kurudishwa nyuma kwa kompyuta.

Kuagiza mwenyewe kunakupa hati hizo moja kwa moja, ila bei ya mtandaoni ni mwanzo tu. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ule wa uchakavu, kisha VAT ya asilimia 18, na gharama za bandari na wakala. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo kwenye tovuti yake. Kitumie kabla hujamtumia muuzaji hata senti moja, maana thamani inayotumika kutoza kodi ni ile ya TRA, na yaweza kuwa tofauti na bei uliyolipa.

Chagua gari linalojulikana na fundi wa mtaani kwako

Kwa bajeti ndogo, gari bora ni lile ambalo fundi wa kawaida analijua na spea zake zimejaa Gerezani, Kariakoo. Chukua mfano wa injini ya Toyota ya 1NZ-FE, yenye ujazo wa 1,500. Imo kwenye IST, Probox, Raum na Corolla za miaka ya 2000, hata kwenye Premio na Allion ndogo. Inatumia cheni ya taimingi, kwa hiyo huna mkanda wa kubadilisha kila kilomita 100,000. Kwa kuwa magari mengi yanaitumia, plagi, kapi, rejeta na hata injini nzima ya mkononi hupatikana bila kuagiza. Ukikagua IST, namba ya chasisi inakuambia ulichonacho: NCP60 ni ya 1,300, NCP61 ni ya 1,500, na NCP65 ni ya 1,500 inayovuta kwa magurudumu yote manne, ambayo ina vyuma vingi zaidi vya kutunza.

Kuwa mwangalifu na injini zenye maandishi D-4, kama zile za 2,000 zilizomo kwenye baadhi ya Premio na Noah. Hizi hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Pampu yake ni ghali, haipendi petroli chafu, na masizi hujikusanya kwenye njia ya hewa. Si injini mbaya kwa mtu mwenye fundi bingwa na fedha za kumlipa. Kwa mwenye akiba ndogo ni mzigo. Vivyo hivyo kwa gari lenye gia za CVT: likitiwa oili ya gia isiyo yake huharibika, na kulitengeneza kunaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya gari zima.

Hapa ndipo sifa hupotosha wengi. Gari kubwa la kifahari lenye miaka 18 huuzwa kwa bei ya gari dogo kwa sababu wenye nalo wamechoka na gharama zake. Bei yake imeshuka, lakini bei ya shokomzoba zake, sensa zake na petroli yake haijashuka.

Ukaguzi wenyewe

Mwambie muuzaji usiku wa kuamkia ukaguzi asiliwashe gari. Ukifika, gusa boneti. Kama ni ya moto, injini imeshapashwa na hutaona tabia yake ya asubuhi. Gari likiwa limepoa, fungua kifuniko cha oili: utando mweupe kama maziwa unaashiria kwamba maji yanachanganyika na oili, na huenda gasketi ya silinda hedi imekufa. Fungua na rejeta. Maji yenye kutu yanasema kwamba kwa muda mrefu gari limewekewa maji ya bomba badala ya kulanti, jambo linalokula rejeta na pampu ya maji taratibu.

Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa za injini, oili, ABS na mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka zote, kisha zizimike baada ya injini kuwaka. Ambayo haiwaki kabisa huenda imenyofolewa ili isiseme ukweli. Washa, simama nyuma na utazame eksozi. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto maana yake maji yanaingia ndani. Mweusi maana yake petroli haiungui yote.

Kanyaga breki, weka D, kisha R. Gia ikichelewa kushika au ikagonga kwa nguvu, kuna tatizo. Liendeshe gari kwenye lami, kwenye makorongo na kwenye mlima, kwa muda wa kutosha injini ipate moto kamili, na kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Achia usukani kidogo mahali salama uone kama linavuta upande. Kisha inua zulia na unuse. Mafuriko ya Dar es Salaam, hasa maeneo kama bonde la Jangwani, yamezamisha magari mengi, na tope lililokauka chini ya zulia au kutu kwenye bolti za viti ni ushahidi usiofutika kwa kuosha.

Nenda na fundi uliyemtafuta mwenyewe. Akipewa chochote na dalali gari likinunuliwa, jicho lake limeshanunuliwa nalo. Mlipe kwa kukagua, mkubaliane malipo kabla, na yawe yale yale ukinunua au usiponunua. Elfu kadhaa za kulikataa gari bovu ni matumizi mazuri sana ya pesa.

Karatasi na akiba

Gari zima lenye karatasi mbovu nalo ni hasara. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye kadi halisi, na namba ya injini pia. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awe na uthibitisho wa kisheria wa kuuza kwa niaba. Hakikisha gari halijawekwa rehani kwa mkopo. Angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho. Andikishaneni mkataba mbele ya wakili, kisha fuatilia uhamisho wa umiliki TRA bila kusubiri. Maadamu kadi ina jina la mwingine, matatizo ya mwingine yanaweza kukufuata.

Sasa turudi kwenye zile milioni 12. Ushauri wangu ni kutafuta gari la milioni 10 pamoja na gharama za karatasi, na kuziacha 2 bila kuzigusa wakati wa kununua. Kwa hizo, wiki ya kwanza badilisha oili ya injini na ya gia, chujio zote, plagi na kulanti, na ukague breki, bushi na tairi. Tairi huchapishwa tarakimu nne ubavuni: 2319 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likiwa limezeeka, mpira wake umekauka hata kama kashata bado ndefu.

Kinachobaki weka kama akiba ya matengenezo, na uanze daftari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, gharama. Daftari hilo litakusaidia kujua lini oili inatakiwa tena na fundi gani kazi yake inadumu. Siku ukitaka kuuza, litampa mnunuzi mwenye akiba ndogo kama yako ushahidi ambao wewe uliutafuta kwa taabu, na wewe utakuwa na haki kamili ya kudai bei nzuri.