Kompyuta ya Nyumbani: Ninunue au Niunde Mwenyewe?

Bumu lilipoingia nilitaka kuunda kompyuta, nimpelekee mdogo wangu Mpanda. Nikapiga hesabu, nikaacha. Kuunda ni kusaka kava, pawa, mazabodi, prosesa na RAM, kimoja kimoja. Kimoja kikigoma, kipuri unaagiza Kariakoo, na treni ya Mpanda mpaka izunguke Tabora na Kaliua ndiyo ifike!

Nikachukua mtumba wa ofisini, Dell OptiPlex. Nikatoa diski ya zamani, nikaweka SSD. Hapo ndipo mashine nzee hupata mwendo. Ila kagua prosesa kwanza. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu.

Hela ya UPS sikubakiza. Umeme ukikatika, kazi ambayo dogo hajaihifadhi inaondoka nao.