Je, Wajua? Studio Inayoenea Kwenye Flashi

Mwanakwaya wa Kwamkoro, kati ya mashamba ya chai na misitu ya Usambara, anaweza kurekodi na kutunga muziki kwa kompyuta bila kununua programu. Hizi hapa programu tatu za bure:

• Audacity ilianza mwaka 1999, kazi ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Hurekodi sauti juu ya sauti, hivyo mtu mmoja aweza kuimba sauti zote nne peke yake.

• MuseScore huandika nota na kuzipiga, mwalimu wa kwaya akausikia wimbo kabla ya siku ya mazoezi.

• LMMS hutengeneza midundo na sauti za vinanda, hata kama huna ala yoyote.

• Zote tatu ziko chini ya leseni ya GPL: ruksa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kuzigawa. Kwa hiyo ukizipakua Muheza au Tanga, kisha ukamnakilia jirani kwa flashi, hujavunja sheria.

• Pakua kwenye tovuti rasmi za watengenezaji. Nakala zisizojulikana zilikotoka huweza kubeba virusi.