Behewa la Jamaa Moja

Mwezi wa Julai 2019 gari la moshi lililotoka Dar es Salaam likielekea Lobito lilipita katika njia yetu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Wasafiri wake walikuwa na vitanda na bafu ndani ya behewa. Nauli yake si ya mfuko wetu. Lakini asili yake yatupasa kuijua, sisi watu wa reli.

Rohan Vos wa Afrika ya Kusini alinunua mabehewa makuukuu mnadani, katikati ya miaka ya 1980. Alitaka kusafiri na mkewe na watoto, basi. Kumbe kununua ndiyo kazi ndogo! Behewa lililolala nje miaka mingi huvuja darini, na mbao zake huoza; sharti livuliwe hadi chuma. Magurudumu, breki na viungo hukaguliwa kwanza, ndipo rangi. (Wengi wetu tungeanza na rangi.)

Tena mwenye behewa hana njia wala kichwa cha kulivuta, naye hulipia safari. Mzigo huo ulimwelemea baba yule, akashauriwa auze tikiti. Hivyo Rovos Rail ilianza mwaka 1989, na karakana yake iko Pretoria.

Nayo mabehewa yalifikaje kwetu bila kubadilishwa magurudumu? Upana wa reli ya Likasi ni milimita 1067, sawasawa na ile ya Pretoria, ya Dar es Salaam kupitia Zambia, na ya Lobito.